Huenchumilla au Llanquileo: mawakili wawili wa Kimapuche, njia mbili za kudai ardhi

Mtu akizaliwa katika jamii iliyonyang'anywa ardhi, akasoma hadi akawa wakili, hukuta njia mbili mbele yake. Aingie serikalini, agombee, akubali uteuzi, akapambane akiwa ndani. Au abaki na watu wake, awatetee mahakamani, awasemee nje ya magereza, na siasa imkute hukohuko. Vijana wa sheria wanaotoka Loliondo, Mau na Bogoria wanalijua swali hili vizuri, maana wanaulizwa nyumbani kila wakirudi likizo.

Kusini mwa Chile, miongoni mwa Wamapuche, wapo mawakili wawili waliolijibu kwa maisha yao: Francisco Huenchumilla na Natividad Llanquileo. Nimewaweka bega kwa bega hapa kwa ajili ya yule anayetaka kumchagua mmoja wa kumsoma kwa kina, iwe ni kwa mjadala wa darasani, kwa kikundi cha wasaidizi wa kisheria, au kwa kujipima mwenyewe kabla hajachukua fomu ya kugombea. Msimamo wangu nautaja mapema: ningeanza na Llanquileo. Lakini Mzee Huenchumilla ana mambo ambayo Llanquileo hawezi kukufundisha, na nitayasema yalivyo.

Ugomvi wenyewe, kwa ufupi

Wamapuche ndio jamii asilia kubwa kuliko zote nchini Chile. Katika sensa ya 2017, zaidi ya watu milioni 1.7 walijitambulisha kuwa Wamapuche. Wahispania walishindwa kuwatiisha, na kwa mkataba wa Quilín wa 1641 wakaukubali mto Biobío kuwa mpaka. Aliyeuvunja mpaka huo ni Jamhuri ya Chile yenyewe, baada ya uhuru, kwa vita vya 1861 hadi 1883.

Vita vilipokwisha, serikali iliwapimia walioshindwa vipande vya ardhi. Kati ya 1884 na 1929 ilitoa hati karibu 3,000, zenye jumla ya hekta zipatazo laki tano, takribani asilimia 5 tu ya nchi waliyokuwa nayo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilikwenda kwa walowezi na wenye mashamba makubwa, wakiwemo familia zilizoletwa kutoka Ujerumani, Uswisi na Ufaransa. Chini ya dikteta Augusto Pinochet zikaja amri mbili zilizozidisha jeraha: ya 1974 iliyotoa ruzuku kwa wapandaji wa misonobari na mikaratusi, na ya 1979 iliyofungua mlango wa kuigawa ardhi ya jumuiya kwa mtu mmojammoja. Kampuni za mbao zikatamalaki. Kwa hiyo leo mtu wa Tirúa au Lumaco anaidai ardhi ambayo juu yake pamesimama msitu wa biashara wenye hati halali mbele ya sheria ya Chile. Ndiyo maana huko wakili ni mtu muhimu kuliko mwanasiasa, na ndiyo maana wakili hachukui muda kuwa mwanasiasa.

Mmoja alipanda ngazi, mwingine alisukumwa na msiba

Mzee Huenchumilla alizaliwa 1944, na ni mtu wa chama: chama cha Demokrasia ya Kikristo, moja ya nguzo za muungano uliochukua madaraka baada ya Pinochet kuondoka 1990. Tangu mwaka huohuo aliketi katika Baraza la Wawakilishi hadi 2002. Alikuwemo bungeni 1993 ilipopitishwa Sheria ya Jamii Asilia, iliyounda CONADI, shirika la serikali la masuala ya jamii asilia, na mfuko wa kununulia ardhi za wenyeji. Rais Ricardo Lagos akampa uwaziri 2003, wizara inayosimamia uhusiano wa Serikali na Bunge. Mwaka 2004 alichaguliwa meya wa Temuco, mji mkuu wa mkoa wa Araucanía, akakaa hadi 2008. Hii ni ngazi inayopandwa hatua kwa hatua, kwa subira, na kwa kujua ni nani wa kumpigia simu.

Natividad Llanquileo anatoka Puerto Choque, kando ya ziwa Lleu Lleu, katika wilaya ya Tirúa. Nchi ilimfahamu 2010 akiwa bado mwanafunzi wa sheria, binti wa miaka ishirini na kitu. Hakuchaguliwa na chama chochote. Wafungwa na mahabusu wa Kimapuche walikuwa wamegoma kula, ndugu yake mmojawapo, na walihitaji mtu wa kuwasemea nje ya ukuta. Akawa msemaji wao.

Hapo naomba tutulie, kwa kuwa sura hii ndiyo iliyonifanya nimweke yeye mbele.

Siku zaidi ya 80 za mwaka 2010

Mgomo ulianza Julai 12, 2010, na ukaenea magereza kadhaa ya kusini hadi waliogoma wakafika 34. Madai yao makuu mawili yalikuwa ya kisheria. La kwanza, waondolewe mashtaka ya Sheria ya Ugaidi, sheria namba 18.314 iliyotungwa 1984 enzi za Pinochet. La pili, wasishtakiwe mara mbili kwa tendo moja, katika mahakama ya kiraia na katika mahakama ya kijeshi.

Msomaji wa sheria aitazame sheria hiyo kwa karibu. Iliruhusu mahabusu ya muda mrefu kabla ya kesi. Iliongeza vifungo kwa makosa ambayo katika kanuni ya kawaida ya adhabu yalikuwa na adhabu ndogo zaidi, kama kuchoma mali. Na iliruhusu shahidi wa upande wa mashtaka kufichwa jina na sura. Wakili wa utetezi anamhoji mtu asiyemjua, hawezi kuchunguza kama ana kisasi na mshtakiwa, kama ana kesi yake mwenyewe iliyofutwa ili aje aseme, kama alikuwa kijijini siku hiyo au hakuwepo. Jaribu kumtetea mtu katika mazingira hayo.

Mgomo huo ulibahatika vibaya. Agosti 5 wachimba madini 33 walifukiwa katika mgodi wa San José kaskazini mwa nchi, na kamera za dunia nzima zikahamia huko. Septemba 18 Chile ikawa inasherehekea miaka 200. Katikati ya hayo yote msemaji alipaswa kuhakikisha watu 34 wanaokonda gerezani hawasahauliki: kuongea na waandishi, kuongea na familia, kupeleka maneno ya wafungwa kwa wajumbe wa serikali na kurudisha majibu bila kuongeza wala kupunguza. Kosa moja la ulimi na mtu anaweza kufa njaa bure. Askofu Mkuu wa Concepción, Ricardo Ezzati, aliingia kama msuluhishi. Mwanzoni mwa Oktoba, baada ya siku zaidi ya 80, wengi wakala, na waliobaki wakafuata siku chache baadaye.

Walipata nini? Oktoba hiyohiyo Bunge lilirekebisha Sheria ya Ugaidi, na kabla mwaka haujaisha likapitisha sheria nyingine ya kupunguza mamlaka ya mahakama za kijeshi juu ya raia. Sikiliza sasa jinsi dai la pili lilivyokuwa na maana. Watu wa kundi la ndugu yake Llanquileo walishtakiwa kwa shambulio la 2008 dhidi ya msafara wa mwendesha mashtaka huko Tirúa. Mahakama ya kijeshi iliwaachia Desemba 2010. Mahakama ya kiraia ya Cañete, kwa tukio lilelile, ikawatia hatiani wanne Machi 2011, mmoja miaka 25 na watatu miaka 20, ingawa iliukataa ugaidi. Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ikashusha vifungo hadi miaka 14 na miaka 8. Ndugu yake alikuwa mmoja wa hao watatu. Mahakama tatu, majibu matatu.

Llanquileo alimaliza masomo akawa wakili, akafanya kazi na CIDSUR, kituo cha Temuco kinachowatetea Wamapuche mahakamani. Ni kazi isiyo na makofi. Kesi inachukua miaka, mteja yuko rumande, na ushahidi wa polisi unatakiwa kukaguliwa ujumbe kwa ujumbe. Umuhimu wake ulionekana kwa wote katika ile iliyoitwa Operesheni Huracán: Septemba 2017 viongozi wanane wa Kimapuche walikamatwa kwa madai ya mazungumzo yaliyonaswa kwenye simu zao, na Januari 2018 ofisi ya mashtaka yenyewe ikatangaza kuwa ujumbe huo ulipandikizwa. Mkuu wa polisi wa taifa aliondoka madarakani miezi michache baadaye.

Mkuu wa mkoa aliyeomba radhi

Turudi kwa Mzee Huenchumilla, maana siku yake kubwa ilikuja 2014. Rais Michelle Bachelet alimteua kuwa mkuu wa mkoa wa Araucanía, Mmapuche wa kwanza kushika nafasi hiyo. Siku alipoingia ofisini Machi mwaka huo, aliomba radhi kwa Wamapuche kwa niaba ya dola kwa kuporwa ardhi yao. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau wanaposimulia: aliwaomba radhi pia wazao wa walowezi, kwa sababu dola ndiyo iliyowaleta na kuwaweka juu ya ardhi ya watu wengine.

Naiheshimu sana sentensi hiyo ya pili. Inaweka lawama panapostahili. Mkulima wa Araucanía ambaye babu yake alipewa shamba kwa hati ya serikali, na leo analala na hofu, si mwongo anaposema hakumwibia mtu. Na hofu yenyewe ina sababu: Januari 2013, huko Vilcún, mke na mume wazee waliuawa nyumba yao ilipochomwa moto. Anayesoma ugomvi huu bila kuwahesabu hao wawili, hajausoma.

Lakini mkuu wa mkoa wakati huo alikuwa mteule wa Rais, na mteule hutenguliwa. Malori yalizidi kuchomwa, wenye malori wakaandaa msafara wa kuyapeleka mabaki ya magari yao hadi mbele ya ikulu mjini Santiago, na Agosti 2015, siku mbili kabla msafara haujafika, Huenchumilla akaondolewa. Alikuwa amekaa mwaka mmoja na miezi michache. Alikwisha kumkabidhi Rais pendekezo la kuutatua mgogoro wote kisiasa, likiwemo suala la kutambuliwa kwa jamii asilia kikatiba na kuwa na viti vyao bungeni. Lilibaki kwenye makaratasi.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo njia ya kwanza inapojifunua. Huenchumilla alisema ukweli mkubwa kuliko mtumishi yeyote wa serikali aliyemtangulia katika kiti kile, na akaweza kuusema kwa sababu alikuwa ndani. Kilichompa sauti ndicho kilichomnyamazisha.

Alirudi kwa mlango wa kura: uchaguzi wa 2017 ulimpeleka katika Seneti kuiwakilisha Araucanía kuanzia 2018. Na 2023 Rais Gabriel Boric akamfanya mwenyekiti mwenza wa Tume ya Amani na Maelewano, pamoja na Alfredo Moreno, mfanyabiashara na waziri wa zamani wa serikali ya mrengo wa kulia. Mei 2025 tume ilitoa mapendekezo 21 kuhusu ardhi, waathirika wa vurugu na kutambuliwa kwa jamii asilia. Wajumbe 7 kati ya 8 waliunga mkono. Aliyekataa alikuwa sauti ya wakulima. Kumpata Moreno atie saini karatasi moja na Mmapuche kuhusu fidia ya ardhi ni kazi ambayo wanaharakati wengi hawawezi kuifanya, na wengine wasingekubali hata kuijaribu.

Llanquileo naye akapewa kiti

Maandamano makubwa ya Oktoba 2019 yaliilazimisha Chile kuandika katiba mpya. Wapiga kura wapatao asilimia 78 waliliafiki wazo hilo 2020. Katika Bunge Maalum la Katiba la watu 155, viti 17 vilitengwa kwa jamii asilia, 7 vikiwa vya Wamapuche. Mei 2021 Llanquileo alishinda kimojawapo. Rais wa kwanza wa bunge lile alikuwa Mmapuche mwenzake, mwanaisimu Elisa Loncon.

Rasimu ilikuwa na mengi ambayo mawakili wa jamii asilia wameyadai kwa miaka: Chile kutajwa kuwa nchi ya mataifa mengi, haki ya ardhi, na mifumo ya sheria ya wenyeji kutambuliwa sambamba na mahakama za nchi, Mahakama ya Juu ikiwa juu ya yote. Septemba 4, 2022 wananchi wakaikataa kwa karibu asilimia 62. Mkoani Araucanía kwenyewe, waliokataa walikuwa zaidi ya asilimia 70.

Takwimu hiyo ya Araucanía inauma, na anayemchagua Llanquileo asiiruke. Harakati iliyokomaa mahakamani na kwenye lango la gereza haikuwa imejifunza kuongea na jirani. Upande wa pili uliwatisha watu kwamba nyumba na mashamba yao yatachukuliwa, na muda wa kujibu haukutosha. Huenchumilla, aliyezoea kuomba kura za mlowezi na za Mmapuche kwa siku moja, angekuwa na la kufundisha hapo.

Yupo wa tatu

Asiyemtaka hata mmoja kati ya hao atazame Aucán Huilcamán, aliyesomea sheria pia, msemaji wa siku nyingi wa Baraza la Ardhi Zote lililoundwa 1990. Yeye alichagua kujenga mamlaka ya Kimapuche pembeni ya dola: kurudi kwenye ardhi, bendera yao wenyewe tangu 1992, madai Umoja wa Mataifa. Wanachama 144 wa baraza hilo walitiwa hatiani miaka ya tisini, na kesi ikafikishwa katika Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Alijaribu kuwania urais 2005 na 2017 bila kufikisha saini zilizotakiwa. Ni njia ya mtu mwenye subira ya jiwe. Kwa anayeanza, siipendekezi iwe ya kwanza.

Uchague yupi

Msome Huenchumilla kama shida yako ni bajeti, ununuzi wa ardhi, mipaka ya kijiji, au kama tayari umekubali uteuzi. Tazama hasa kipindi cha Machi 2014 hadi Agosti 2015, ujiulize ni lipi ungelitia saini wiki ya kwanza ukijua unaweza kutenguliwa wakati wowote. Kwa mtu mwenye familia na asiyetaka maisha ya kupekuliwa, hii pia ndiyo njia yenye gharama ndogo, na si aibu kuihesabu gharama.

Msome Llanquileo kama watu wako wako rumande, au kama unaogopa kwamba bila cheo huwezi kubadilisha sheria. Alipokuwa na cheo, alichokiandika kilikataliwa. Alipokuwa mwanafunzi asiye na cheo, sheria mbili zilirekebishwa ndani ya miezi sita. Hakufanya peke yake, na waliolipa kwa miili yao ni wale 34. Lakini bila msemaji aliyeijua sheria, njaa yao ingebaki habari ya siku moja. Usimchague kama unatafuta ushindi unaodumu bila kulindwa. Mwaka 2025 Chile ilipitisha sheria mpya ya ugaidi kuchukua nafasi ya ile ya 1984, na kazi ya mawakili wa utetezi imeanza upya kifungu kwa kifungu.

Kuna faida nyingine ya kuanzia kwake, na hii inatuhusu moja kwa moja. Kesi za Sheria ya Ugaidi hazikuishia Chile. Mei 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, katika shauri la Norín Catrimán na wenzake, iliamua kwamba Chile iliwakosea Wamapuche saba na mwanaharakati mmoja, ikiwemo kwa matumizi ya mashahidi waliofichwa na kwa lugha ya ubaguzi ndani ya hukumu zenyewe. Mahakama ya Juu ya Chile ilizitengua hukumu hizo 2019. Maamuzi ya Mahakama hiyo ya nchi za Amerika kuhusu ardhi za wenyeji ndiyo yaliyonukuliwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipowapa haki Waendorois wa Ziwa Bogoria, uamuzi uliotangazwa 2010. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha nayo ikawapa haki Waogiek wa Mau 2017, na kuamuru fidia 2022. Mkataba Namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu haki za jamii asilia, ambao Chile iliuridhia 2008, Tanzania na Kenya hazijauridhia, kwa hiyo wakili wetu ana zana chache kuliko mwenzake wa Temuco na anahitaji zaidi hoja za namna hii.

Kikundi chenye vikao viwili tu nakishauri hivi: kikao cha kwanza ni mgomo wa 2010 pamoja na hukumu ya Norín Catrimán, mkiisoma sambamba na uamuzi wa Endorois. Kikao cha pili mleteni Mzee Huenchumilla na ile radhi yake kwa pande mbili, mmoja wenu asimame kama mkulima wa Araucanía, na mwingine amjibu.